Damu ya Mbaluka na Huruma ya Makongeni

Mtaa wa Makongeni haujawahi kumwacha mtu augue peke yake, hata akiomba. Mbaluka, fundi wa kutengeneza cherehani, aliomba kwa miaka minne. Utumbo wake mpana ulijaa vidonda visivyoletwa na mdudu wala uchafu: askari wa mwili wake mwenyewe, chembe nyeupe za damu, walikuwa wameuvamia bila kutumwa na mtu. Alienda chooni mara kumi na mbili kwa siku, na majirani, kwa upendo, walihesabu.

Dawa ziliposhindwa, daktari mmoja wa Ruiru alimwingiza kwenye jaribio. Damu ingetoka mkono wa kushoto, ipite kwenye mtungi unaonasa askari wale wakorofi, irudi kupitia mkono wa kulia. Kwa muda wa saa moja kila Jumanne, wiki tano. Ikishindikana, utumbo ukatwe na Mbaluka abebe mfuko wa choo tumboni hadi kaburini. Akapewa daftari la kuandika kila alichokiona chooni.

Jumanne ya kwanza akarudi nyumbani, akafanya kosa: akasimulia.

"Wametoa damu?" Wangeci, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na daktari wa kila mtu, alishika kiuno.

"Imerudi, Mama. Yote."

"Aai! Imerudi ikiwa imechujwa. Hiyo sasa ni maji. Ona vile umekuwa mweupe kama ugali ya unga wa gredi."

Kamati ya akina mama ikakaa bila mgonjwa, kama kamati zote nzuri. Zamu zikapangwa: jagi la juisi ya bitiruti asubuhi, jingine jioni, kwa kuwa chekundu huongeza damu. Kukataa cha jirani ni kumwita mchawi. Mbaluka akanywa.

Daftari likaanza kusema: damu. Damu. Damu nyingi. Choo kilikuwa kimepungua hadi mara mbili kwa siku, na maumivu yamekwisha, lakini aliyezoea hofu hasomi habari njema.

Wiki ya tano daktari alilifungua daftari, akalifunga, akaanza kumwandikia barua mpasuaji. Mbaluka aliweka mkono tumboni, kama anayeaga mbwa mkali aliyemlea mwenyewe.

"Daktari, ngoja kidogo," akasema muuguzi Farhiya, akiwa na karatasi ya maabara. "Ile protini ya uvimbe kwenye choo ilikuwa elfu moja mia tisa. Sasa ni tisini. Na hakuna hata tone la damu ya binadamu." Akamgeukia mgonjwa. "Mzee, unakunywa nini?"

Mbaluka akaeleza.

"Lita mbili za bitiruti? Kila siku? Ndiyo inayokipaka choo rangi nyekundu! Si uwakataze!"

"Ni akina mama wa kanisa."

"Kwa hivyo afadhali ukatwe tumbo?"

Mungu amsamehe, alifikiria kweli. "Wewe humjui Wangeci."

Daktari aliichana barua. Jioni ile Mbaluka alisimama mlangoni, akasema kwamba amepata nafuu na hatakunywa tena.

"Amepona!" Wangeci akawapigia wenzake kelele. "Si niliwaambia ni bitiruti?"

Jumapili Wangeci alitoa ushuhuda kanisani kwa dakika arobaini. Mtungi wa Ruiru haukutajwa. Mbaluka alikaa benchi la mbele, mbali na mlango, akasikiliza mpaka mwisho bila kutoka nje hata mara moja.