Mikono ya Seline Kichwani

"Futa hiyo picha sasa hivi, Duncan," Audrey alisema, "kabla sijakutapikia viatu."

Hakuwa anatania. Msichana huyu wa Kawangware amesoma mpaka vitabu vikaomba kupumzika. Kazi yake chuoni ni kuchunguza mashine zinazoandika habari, na vile habari hizo zinavyowashika watu roho. Duncan ni mhariri wa gazeti la mtandaoni. Walipatana picha mbili za mama mmoja, ya kweli na ya mashine, zionyeshwe watu wachache ndani ya chumba, ionekane ni gani inachoma zaidi.

Mama mwenyewe ni Seline wa mtaa wa Gatwekera, muuza dagaa wa omena, shangazi yake Audrey. Kwenye picha ya kweli amekunja mikono na kununa, analalamikia maji yanayonuka. Duncan akaiambia mashine imwongezee huzuni. Ikamwekea mikono yote miwili kichwani, mdomo wazi. Duncan, kwa uroho wa wasomaji, akaimwaga mtandaoni kama ya kweli, jina la Audrey likiwa chini yake.

Sasa Mjaluo, kama walivyo majirani wa Seline, akiona mama ameshika kichwa hivyo, haulizi. Amefiwa. Hata mtoto akicheza hivyo anachapwa. Chai haijachemka, kuni zimeshaletwa kwa Seline, na viti vya kanisa, na kilio kilichong'oa misumari kwenye mabati mpaka mtaa wa Raila. Kuku waliacha kutaga. Mbwa mmoja alihamia mtaa wa Satellite na hajarudi.

Walikuwa wanamlilia Obonyo. Seline ana mtoto huyo mmoja tu, yuko kazi ya mjengo Kitui, na simu yake haikuwa inashika.

Mwanzoni Seline aliwafukuza watu na kuni zao. Lakini kila alipopiga simu ikakataa, aliirudia ile picha, akaitazama kama barua ya daktari.

"Imejuaje?" akamuuliza Audrey.

"Haijui kitu, auntie. Inabahatisha tu."

Seline alikaa juu ya rundo la kuni za matanga ya mwanawe.

Duncan naye alikuwa amekuja pale kwa Seline na kamera. Alisema watu wamelia nchi nzima, na kama huo si utafiti, utafiti ni nini? Akamwomba Seline asogee karibu na dirisha. Audrey akasikia mate machungu mdomoni, kama amemeza nyongo ya samaki. Alichukia mashine, akamchukia Duncan, lakini kilichomtia kinyaa zaidi ni jina lake mwenyewe pale chini ya picha.

"Nikifuta, utafiti umekufa, na masomo yako yameisha hapo," Duncan alisema.

"Yaishe. Futa."

Ndipo wakaona mikono ya Seline inapanda yenyewe, polepole, kuelekea kichwani. Audrey akairukia, akaishika. Duncan akainua kamera.

Mlango ukasukumwa. Obonyo aliingia na begi begani, simiti bado kwenye nyusi, akatazama viti, akatazama kuni.

"Mama," aliuliza, "nani amekufa?"