Sahani ya Anghel

Anghel alipokuwa akikata roho aliagiza jambo moja tu: siku ya arobaini yake upikwe uyoga wa sega, apelekewe Petrache. Padri alidhani mgonjwa anaweweseka. Safta, mkewe, alijua kuwa ana akili zake timamu. Petrache alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, na kwa miaka mingi wanaume hao wawili hawakupeana hata salamu.

Chanzo kilikuwa uyoga huohuo. Walipokuwa bado chanda na pete waliuchuma pamoja katika misitu ya Oltenia theluji ilipoyeyuka, wakaukaanga upesiupesi huku wakinywa. Na uyoga huo wenye vishimo kama sega la nyuki hautaki haraka. Usipoiva ni sumu. Petrache alitapika hadi kulipokucha, akakitangazia kijiji kizima kwamba Anghel alitaka kumuua. Anghel naye, badala ya kumwangalia mgonjwa, akanuna. Wanaume, jamani! Kwa ukaidi wa namna hii watu huzikana bila kuagana.

Siku ya arobaini Safta aliuosha uyoga vizuri, akauchemsha, akamwaga maji, kisha akaupika taratibu kwa vitunguu na malai ya maziwa. Hakuonja. Kwao chakula cha marehemu hakionjwi na mpishi. Anayekipokea na kukila ndiye anayemlisha marehemu. Kikikataliwa, marehemu analala njaa. Ndiyo maana alivuka ua kwa uangalifu na sahani, ugali na mshumaa.

"Hodi, shemeji."

Petrache alikuwa peke yake mezani. Akaitazama sahani. "Uyoga?"

"Anghel ndiye aliyeagiza."

"Basi anza wewe kuonja."

"Unajua siwezi."

"Ahaa! Kumbe mzee amekufa lakini kazi hajaiacha."

"Shemeji, ningetaka kukuua ningekunywesha mvinyo wako mwenyewe, ulivyo mchachu," Safta akasema, na machozi yakamlengalenga. "Mume wangu ana njaa. Kula, au sema hapana nirudi kwangu."

Petrache akamega tonge la ugali, akachovya. Alitafuna polepole, macho yake yakiwa mlangoni. Akamega tena. Safta alisimama vilevile mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Mungu amsamehe," Petrache akasema, kama desturi inavyotaka.

"Nani? Mtaje, shemeji. Bila jina chakula hakimfikii."

Petrache akainamisha kichwa. Jina lile hakuwa amelitamka tangu walipogombana.

"Mungu amsamehe Anghel," akasema mwishowe. Akajifuta uso kwa kiganja, mzee mzima. "Na mimi je, shemeji? Wa kunisamehe mimi si mmeshamzika?"

Safta akavuta kigoda, akaketi naye.