Siku Fakitori Iliponyamaza

Wiki mbili za kwanza baada ya kuolewa nilitaka kurudi kwetu ziwani. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika fakitori moja ya chai upande wa Kericho, na nyumba tuliyopewa ilitazamana na feni za kunyausha majani. Feni hizo zilinguruma mchana kutwa, usiku kucha. Kichwa kiliniuma hadi kwenye meno. Nilimwambia waziwazi kwamba sikuzaliwa nije kukaa ndani ya kinu. Akacheka, akasema nivumilie. Wiki ya tatu mngurumo ukatoweka. Hakuna aliyezima chochote. Ni mimi niliyeacha kuusikia.

Watu wote wa laini zetu, zile safu za nyumba za wafanyakazi, walikuwa hivyo. Mgeni akituuliza tunaishije na kelele hizi, tulimuuliza kelele gani, na hatukuwa tukimtania. Ndiyo maana binti yetu alipozaliwa, katikati ya miaka ya tisini, akawa analala fofofo wala hashtuki hata mvua ya mawe ikipiga mabati mpaka watu wazima wanaacha kuongea, kila mtu alikuwa na jibu tayari.

"Lakwet wa fakitori hashtuki," aliniambia jirani yangu, mama mzee Mkipsigis tuliyemwita kogo, yaani nyanya. Lakwet ni mtoto kwa lugha yao. "Amezoea hiyo kelele tangu kwa tumbo yako. Wewe unatafuta makonjwa ya nini?"

Nilitaka sana kumwamini, lakini roho haikutulia. Mtoto alipokuwa na miezi mitano alisema ba-ba-ba kama watoto wengine. Alipokaribia mwaka, badala ya kuongeza, akapunguza. Nikaanza kumpima. Nilimkalisha kwenye benchi letu la mbao, nikasimama nyuma yake, nikagonga sufuria kwa mwiko. Akageuka. Nikashusha pumzi. Baada ya saa moja wasiwasi ukarudi, nikagonga tena, akageuka tena. Niliacha nguo kwenye maji nikaenda kugonga. Niliacha ugali motoni nikaenda kugonga, ukaungua. Mume wangu akasema nitampasua mtoto masikio, nami nikamjibu vibaya. Siku hizo nilimjibu kila mtu vibaya.

Alikuwa na mwaka na nusu siku fakitori iliponyamaza. Kwa kawaida ilisimama Jumapili, tena polepole, mashine moja baada ya nyingine, sisi tukiwa kanisani. Siku hiyo ilikuwa katikati ya wiki, msimu wa majani mengi, kama saa nane mchana. Stima ikapotea, jenereta ikakataa kuwaka, na feni zikafa zote kwa pamoja.

Sijawahi kusikia kitu kikubwa kama kile kimya. Kogo alitoka nje na kibuyu cha maziwa alichokuwa akikiosha. Mama wa nyumba ya tatu alitoka na povu la sabuni hadi kwenye viwiko, na kitoto chake cha miezi michache, mgongoni, kikaanza kulia. Mbwa aliyekuwa amelala kivulini aliinuka. Tulisimama milangoni tukitazamana kama watu walioitwa. Sauti ambayo kwa miaka hatukuisikia ilikuwa imetutoa sote nje kwa kukoma tu.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, akipanga vizibo vya soda. Hakuinua kichwa. Aliweka kizibo kimoja juu ya kingine, kikaanguka, akakirudisha. Kogo alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa kijana mpole, jambo lililonikasirisha, maana nilitaka mtu wa kugombana naye. Alimpima kwa kengele na kwa njuga nikiwa nimempakata, huku akinikataza kutikisa magoti. Kisha akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo mno. Sauti ikivitikisa, vinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ndio unaosikia. Ubongo hauna haja na habari ileile kila saa. Mngurumo usiobadilika huuweka kando, lakini mabadiliko yakija, hata kama ni kunyamaza, huamka. Kwa hiyo aliyezoea kelele hushtuka ikikoma. Mtoto wangu hakuwa amezoea kitu. Hakuwahi kuisikia.

"Nyumbani ulikuwa unampima aje, mama?"

Nikamweleza habari ya benchi. Akauliza kama sufuria nilikuwa nimeishika au imekaa. Ilikuwa imekaa juu ya benchi lilelile, karibu na paja la mtoto. Alikuwa akihisi mbao zikitetemeka.

"Haungejua," daktari akasema. "Lakini ubongo wa mtoto hausubiri. Miezi hii tungekuwa tayari tunamfundisha kwa macho na mikono."

Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba nilijua. Miezi sita nyuma niliinua ile sufuria hewani, nikagonga. Hakugeuka. Nikagonga kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka. Nikairudisha kwenye benchi, nikagonga, akageuka, nikamkumbatia, na tangu siku ile sikuiinua tena. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na jenereta.

Mume wangu alitoka zamu ya asubuhi akatukuta tumerudi. Akampakata mtoto, nikamweleza yote kwa sauti ya chini, pamoja na siku ile ya sufuria. Akaniinamishia sikio. Mitambo ilikuwa imeyala masikio yake kwa miaka mingi, na feni zilikuwa zimewashwa tena.

"Unasema?"

Nikarudia.

"Ongeza sauti, mama. Sikupati."

"Nilijua!" nikapiga kelele. "Miezi sita nilijua, na nikanyamaza!"

Upande wa pili wa ukuta, kogo aliacha kuosha vyombo. Nadhani laini nzima ilisikia. Mume wangu alinitazama, nami nilitamani anipigie makelele. Binti yetu, mapajani pake, alikuwa ameukazia macho mdomo wangu. Akadhani ni mchezo. Akacheka, akafungua wake vilevile, upana wote, akasubiri zamu yangu.