Hotuba Iliyoshindwa

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nikimtunza mzee mmoja wa Kizungu huko ughaibuni, katika mji wa Wheaton. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa na kumvumilia. Mkaidi kuliko yeye sijapata kumwona, nami nilimpenda hivyo hivyo. Nilimwita Mzee, neno alilolipokea kama cheo.

Ujanani alikuwa karani katika serikali ya nchi moja ndogo ya Ulaya. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, mawaziri wa nchi hiyo walibishana siku nyingi: je, wakae meza moja na majirani, Wajerumani wakiwamo, wapange pamoja mambo ya makaa ya mawe, chuma na biashara, au kila nchi ijijenge peke yake? Mzee alikuwamo chumbani, akiandika kila neno. Alinisimulia ubishi ule huku nikimnyoa ndevu, mara waziri huyu kasema hivi, mara yule kajibu vile, hata nikawa nawajua kama majirani zangu wa Tanga. Jambo moja tu hakunisimulia: yeye mwenyewe alikuwa upande gani.

Binti yake alidhani anajua. Chuo kikuu kimoja cha mjini kilipomwalika Mzee azungumze na wanafunzi, binti alimpigia chapa kurasa tatu nzuri, na ndani yake sentensi hii: "Niliunga mkono ushirikiano tangu siku ya kwanza." Tulifanya mazoezi kila asubuhi. Kila tukifika hapo, Mzee anaomba chai. Nami, mjinga wa Mungu, naenda kuchemsha chai.

Siku ilipofika nilikaa nyuma ya kiti chake cha magurudumu. Alisoma vizuri, kisha akafika penye sentensi ile akanyamaza. Binti, safu ya mbele, kang'ata midomo. Sisi tuliosoma madrasa za pwani tumefundishwa kwamba msomaji akikwama, aliye karibu humpa neno linalofuata; kumwacha ahangaike ni kukosa adabu. Basi nikainama, nikamtajia kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Niliunga mkono ushirikiano tangu siku ya kwanza!"

Mzee akageuka. "Sikukwama, kijana. Sitaki kusema uongo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaziweka karatasi mapajani. Akawaambia wanafunzi kwamba kaka yake aliuawa na Wajerumani, na kwamba hotuba aliyoisoma waziri wa upande wa kupinga iliandikwa na yeye, karani.

"Mawaziri wawili walilia," akasema. "Sijaandika tena kitu kizuri kama kile. Kura zikapigwa, tukashindwa. Baadaye nikatumwa kwenye vikao vya ushirikiano huo huo, nikaketi na Mjerumani aliyefiwa na mwanawe vitani. Tukagombana kutwa nzima juu ya makaa ya mawe. Makaa ya mawe tu, basi! Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwamba tulishindwa."

Nimeona watu wengi wakisifiwa. Sijaona mwingine akikataa sifa aliyokwisha kuandikiwa, tena mbele ya mtoto wake. Nilijivuna kuwa mimi ndiye niliyemvalisha shati asubuhi ile.

Binti akainuka. Nilidhani anatoka nje. Kumbe alivuta kiti, akaketi karibu na baba yake, akamshika mkono.

"Baba," akasema, "sikujua kama ulikuwa na kaka. Alikuwa mtu wa namna gani?"