Waulize Walioondoka

Hainitoki akilini, mwanangu, ile wiki niliyokaa hapa Garissa na barua mbili za vyuo vya ng'ambo, nikachagua kwa haraka kuliko mtu anavyochagua ndara sokoni. Wewe nawe Jumamosi uliniwekea barua mbili mezani, na jibu linatakiwa Ijumaa. Mama yako, dada yangu, amenipigia simu mara tatu nikushawishi uchague ule mji wenye watu wetu. Nimemwambia nitazungumza nawe. Sikumwambia nitasema nini.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya fizikia, na nilitaka kitu kimoja tu: kusomea vile vioo vinavyogeuza jua kuwa umeme. Mtoto wa Garissa atake nini kingine? Jua tunalo la kugawa. Chuo kimoja kilikuwa katika mji mdogo ambao nyumbani hakuna aliyewahi kuusikia, lakini kilikuwa na walimu wawili wa kazi hiyo hiyo. Cha pili kilikuwa na jina kubwa, mwalimu mmoja tu wa kazi hiyo, tena mzee, na katika mji huo alikuwapo Eedo Habiba, dada ya baba, aliyehamia huko zamani. Nyumbani liliulizwa swali moja: huko kuna nani wetu? Kuna Eedo. Basi, mambo yakaisha. Dua ikasomwa, nikasindikizwa.

Eedo simlaumu. Alinipokea uwanja wa ndege na chupa ya chai ya maziwa aliyoificha ndani ya koti isipoe. Lakini nilipofika chuoni niliambiwa yule mwalimu mzee amestaafu miezi miwili kabla, ingawa jina lake lilikuwa bado kwenye tovuti. Nikapewa msimamizi mwingine, bwana mpole asiyepatikana, ambaye kazi yake ilikuwa kupooza gesi mpaka baridi ambayo hakuna friji inayoifikia. Mimi niliyefuata jua. Cheka tu, mwanangu, hata mimi siku hizi nacheka.

Wakati ule sikucheka. Msimamizi tulimwona mara moja kwa muhula. Siku niliyopewa meza nilikuta ndani ya droo madaftari matatu ya maabara, ya watu watatu tofauti, kila moja limeishia katikati. Nilidhani wenyewe wamehitimu wakayasahau, nikayapanga vizuri kabatini. Kuhama nilishindwa. Wenzangu waliozaliwa kule walihama kwa kuandika barua, lakini viza yangu ilifungamana na chuo kile, na mimi ningeanza upya tangu ubalozini. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mkalimani wa watu wetu mtaa mzima, naenda hospitali na huyu, uhamiaji na yule. Ningemkatalia nani? Baada ya miaka miwili nilirudi nyumbani bila shahada.

Mji wote ulikuwa mpole kwangu, na hilo liliniuma zaidi. Nikakimbilia Kotile, huko Ijara, kwa Abti Keynan, kaka ya mama. Nilimkuta karibu na silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, anamtoa ng'ombe kupe.

Hapa nikukumbushe jambo, maana nyinyi mmekulia mjini. Sisi wafugaji hatuhamishi mifugo hivi hivi. Hutumwa mtu kwanza, tunamwita sahan, anatangulia siku kadhaa kutazama malisho. Akirudi wazee wanamketisha na kumhoji: maji yako wapi, majani ni ya namna gani, kuna ugonjwa, nani yuko pale. Kisha huulizwa hili, na halirukwi: nani alikuwa pale akaondoka, na kwa nini? Majani yakiwa marefu na hakuna mtu, wazee wa Ijara huanza kuwaza mbung'o, nzi anayeua ng'ombe. Mimi mwenyewe, likizo za sekondari, nilikwenda kama sahan na Abti mara mbili. Nilihojiwa mpaka nikakaribia kulia.

Abti hakunipa pole. Aliendelea na kupe wake, akaniuliza bila kunitazama, akiniita nami Abti, kama ilivyo desturi yetu ya mjomba na mpwa.

"Abti, kabla hujaenda, ulimtuma nani akutazamie?"

"Eedo alikuwa kule."

"Eedo yako alikuwa mjini. Nauliza ndani ya hiyo shule."

"Sikumtuma mtu."

"Na waliokuwa pale kabla yako wakaondoka, uliwauliza kwa nini?"

Nikayakumbuka yale madaftari yaliyoishia katikati. Nilisema sikujua kama wapo. Abti akamsukuma ng'ombe aende zake, ndipo akanitazama.

"Ndama mgonjwa hukuwahi kumhamisha bila kuuliza. Wewe mwenyewe ulijihamisha hivi hivi."

Tulikunywa maziwa, nikalala kwake wiki mbili, nikarudi Garissa kufundisha fizikia sekondari. Ndiyo kazi iliyonilea na kuniheshimisha, sina kinyongo nayo. Ila ile miaka miwili sikurudishiwa.

Sasa, mwanangu, sitakwambia uende wapi. Nakwambia uulize. Waandikie wanafunzi wa msimamizi unayemtaka, mmoja mmoja, wala si kwa kupitia kwake. Waulize wanamwona mara ngapi, na yeye mwenyewe atakuwapo kwa miaka mingapi. Akiondoka, yuko mwingine anayeweza kukupokea bila viza yako kuharibika? Soma barua ya ufadhili mpaka mstari wa mwisho. Watu wetu ni faraja, na ukiwa mgonjwa utawataka, lakini hawawezi kukusimamia maabara. Zaidi ya yote, watafute walioondoka kabla ya kumaliza.

Na hao usimuulize mmoja tu. Sababu yake ni hii, na mama yako haijui.

Miaka mitatu baada ya kurudi, kijana mmoja wa Wajir aliniandikia. Alikuwa ameitwa na maabara ile ile, kwa msimamizi yule yule, na alikuwa amesikia nilipita pale. Aliuliza kwa adabu kabisa: Mwalimu, pakoje? Yaani alifanya lile ambalo mimi sikufanya, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa na Abti. Niliona haya. Sikutaka kijana wa Wajir ajue kwamba nilishindwa. Nikamjibu kwamba ni chuo kizuri, chenye vifaa vizuri, na nikamtakia heri. Alikwenda. Alikaa mwaka mmoja na nusu, akarudi kama mimi. Tunakutana mara moja moja kwenye harusi, ananisalimia kwa mikono miwili, hajawahi kunilaumu. Nadhani anaamini mimi nilimaliza.

Hilo linaniuma kuliko shahada yangu. Wiki hii nitampigia simu nimwambie, na nitamwambia na mama yako, kisha tutaona kama atakuwa bado ananituma nikushawishi.

Uliza basi, na usione aibu kuuliza. Na siku mtoto wa mwenzio atakapokuuliza wewe, mwambie ulivyokuta, hata kama uliyoyakuta yanakuaibisha. Mungu akupe wa kukuambia kweli, akutangulie mbele ya kila mlango utakaoubisha, akulinde ugenini na akurudishe kwetu na elimu yenye manufaa. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo.