Tulivyokwenda Msibani kwa Mama Yake Oksana

Mchango wenyewe tulishaukubali. Ghala letu hapa Louisville lilitangaza kwamba anayetaka kuisaidia Ukraine kwa dawa na mablanketi akatwe kidogo kwenye mshahara, na sisi Wakongo tukatia sahihi wote. Lakini roho hazikutulia. Oksana, tunayefunga naye maboksi kwenye meza moja, alikuwa amepigiwa simu kuhusu Andriy, kaka yake aliyeko vitani, akaangua kilio, akaondoka kwenda kwa mama yake, Buffalo. Kwetu mtu hafiwi ukamtumia pesa, makuta tu, ukanyamaza. Unaenda, unakaa naye chini, auone uso wako. Basi wenzangu wakanituma mimi, maana gari langu ndilo zima.

Jumamosi alfajiri nikaondoka, thermosi ya chai pembeni.

Columbus nikampitia yaya Neema, dada yangu mkubwa anayekaa mtaa wa Clintonville. Nikamweleza mchango na safari yangu; hata kiti hakunipa.

“Sisi tulipokimbia Kivu, nani alikatwa mshahara juu yetu?”

 Akaingia chumbani, akatoka amejifunga kitenge cha msiba.

“Bon, twende. Weye peke yako utalia namna gani? Wanaume hamjue kulia.”

Buffalo tuliingia jioni, theluji ikianguka. Oksana alitukumbatia mlangoni. Ndani, mama yake alikuwa anapanga sahani mezani. Yaya Neema akaketi sakafuni, akajifunika kichwa, akaangua kilio kama tuliavyo kwetu.

Yule mama akaganda na sahani mkononi. Akauliza jambo kwa lugha yao.

“Anauliza nani amewaambia Andriy amekufa,” Oksana akanitafsiria kwa Kiingereza. “Amepotea tu. Mama anamngoja.”

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kuomba radhi. Yaya Neema akainuka, akafungua kile kitenge, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti.

“Mwambie mama,” akasema, “bwana yangu alipotea njiani, siku ile tulipokimbia. Mpaka leo niko namungoja. Watu wananiambia nilie, nimalize. Mimi sitamwambia mama vile. Donc, tumekuja kungoja naye.”

Nikageuza kwa Kiingereza, na Oksana akamtafsiria mama polepole. Mama akamshika yaya mkono, akampeleka jikoni. Wakamenya viazi pamoja, kila mmoja akisema lugha yake, na hakuna aliyetuita tutafsiri.

Jumapili, tukirudi, tulikaribia Columbus. Yaya akasema, “Hii ndiyo mara ya kwanza nimengoja na mwenzangu.” Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika usukani, naye akanicheka.

Jumatatu kazini wenzangu walinizunguka: mazishi lini? Nikawaambia hakuna mazishi, na mchango uendelee, maana kule wako wengi wanaongojwa, na anayengojwa anahitaji dawa na blanketi. Tangu siku hiyo, tukisali kabla ya zamu, jina la Andriy tunalitaja katikati ya majina ya watu wetu wa Kivu, wale ambao hatujui walipo.