Chipsi Chini ya Majani Chai

Niliapa kupunguza mwili, na hicho kiapo sijakivunja. Naanza na hilo kwa sababu hapa kituo chetu cha kupima majani chai, karibu na Litein, hakuna mtu anayeniamini tena.

Mimi mwenyewe ndiye niliwaingiza kina mama wenzangu kwa hii vita. Tukingoja karani, ninawahubiria: chipsi hapana, soda hapana, mandazi hapana!

Juzi nikipeleka majani, harufu ya kibanda cha chipsi ilinishinda nguvu. Nikanunua, zikamwagiwa tomato sosi. Nikafungua karatasi, nikazileta mpaka puani, nikavuta harufu vizuri. Halafu nikajikemea, "Mama Chebet, hapana!" Nikazifunga. Watoto watakula.

Lakini wenzangu walikuwa wananiangalia kutoka kituoni, kwa hivyo nikazisukuma ndani ya gunia, chini ya majani. Nilipanga kuzitoa kabla zamu yangu ifike.

Mama Kiprono, mwanafunzi wangu mkubwa wa diet, akanionea huruma. "Umechoka, wacha nikusaidie." Kabla nimshike mkono, akamwaga gunia lote kwa meza ya kukagua.

Karani akainua chipsi moja. "Mama Chebet, kiwanda inataka majani mawili na chipukizi. Hii ilichumwa shamba gani?"

"Haki ya Mungu, sijaonja hata moja!" nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

Mama Kiprono akanisogelea pole pole, akanipangusa pua, akainua kidole wote waone. Kilikuwa chekundu.